Ng'ombe Aliyewekwa Uani Kwetu

Nilipoolewa na mkalimani wa boma la Dodoma, shangazi zangu wa upande wa Hombolo walipiga vigelegele kupita kiasi. Waliona nimeangukia kwenye shibe. Siku zile za Mjerumani, Bwana Shauri, Mzungu aliyeamua kesi bomani, alikijua Kiswahili, tena kizuri, lakini Kigogo hakikumwingia. Watu wetu wa vijijini nao Kiswahili kiliwapiga chenga. Kwa hiyo mwenye kesi alipita kwanza nyumbani kwa mkalimani, na hakuja mikono mitupu. Mkalimani aliyemtangulia mume wangu aliondoka Dodoma na mbuzi wengi ambao hakuwazalisha wala hakuwanunua.

Mume wangu alikuwa wa namna nyingine, na mwanzoni nilimwona mkaidi tu. Baba yake alikuwa mchukuzi wa misafara aliyelowea hapa mjini, mama yake Mgogo kama mimi. Kuku akiletwa, alirudi na aliyemleta. Asali ikiletwa, ilirudi. Mimi nilibaki jikoni nasonga ugali wa uwele, mboga ni mlenda mkavu, huku nikimsikia kuku wa watu akilia kuelekea kwao.

"Nikimla kuku wake," aliniambia, "kesho nitayasemaje maneno ya mwenzake?"

"Sema kwa mdomo," nikamjibu. "Mdomo unao. Tumbo ndilo halina kitu."

Alicheka, akala mlenda wake. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alikula kwa raha.

Mwaka ninaousimulia mvua ilikuwa imetunyima. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameacha kunyonya karibuni, na maziwa yalikuwa adimu hata kwa wenye ng'ombe. Mume wangu alikuwa safarini na Bwana Shauri, huko kaskazini kupita Haneti, wakisikiliza mashauri ya watu na kuulizia kodi. Asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa mzee mmoja tajiri wa mifugo, mtu wa upande wa kwetu, anayejuana na baba yangu. Nyuma yake vijana wake walimswaga ng'ombe mwenye ndama.

"Mwanangu," akasema, "nimesikia mjukuu wangu anakosa maziwa. Sikupi kitu, usiogope. Nakuwekea huyu umkamue. Kwani kuweka ng'ombe kwa mtu ni jambo geni kwetu?"

Halikuwa geni hata kidogo. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwagawa, huyu kwa rafiki, yule kwa jirani, ili ukame au ugonjwa ukipiga zizi moja usimmalize. Anayewekewa hunywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki wa mwenyewe. Kumkataa ng'ombe wa kuwekewa ni kumtukana mtu, ni kama kumwambia ana uchawi. Basi nilimpokea, nikamshukuru. Mtoto alikunywa siku ile mpaka povu likamkaa puani, nami nilifurahi, sitaficha.

Furaha iliingia mchanga mume wangu aliporudi. Alisimama uani na vumbi lake la safari, akamtazama ng'ombe, wala hakumtazama mtoto.

"Wa nani huyu?"

Nikamtajia mzee. Akakaa chini pale pale. Ndipo akanieleza kwamba shauri la mzee yule lilikuwa limepangwa wiki ile. Alikuwa ameshtakiwa na mjane mmoja. Mume wa mjane, alipokuwa hai, alimwekea mzee ng'ombe wake watatu. Miaka ikapita, ng'ombe wakazaa, mwenyewe akafa. Mjane alipokwenda kudai, mzee alisema wale wamekaa zizini kwake muda mrefu mno, wamekula majani yake, wamekuwa wake. Mjane hakuwa na kitu kingine duniani. Bila wale ng'ombe angerudi kwa kaka yake na watoto wake, akaishi kwa kuomba chumvi.

"Mrudishe usiku huu huu," nikasema.

"Nikimrudisha kimya kimya atasema upande wa pili umenipa zaidi. Nikibaki naye, Mzungu akijua ni khamsa ishirini, na kazi basi."

Khamsa ishirini ni viboko ishirini na tano vya mjeledi wa ngozi ya kiboko. Serikali ile ilivigawa kwa wepesi, na nilishawaona wanaume wazima wakitoka bomani hawawezi kukaa. Nilimtazama mume wangu mgongoni, nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kushikwa nayo tena. Mzee yule alikuwa amechukua adabu ya kwetu, adabu niliyolelewa nayo, akaifanya chambo. Alijua mtoto wa Kigogo hatakataa ng'ombe wa kuwekewa. Kwangu mimi hilo lilikuwa baya kuliko kuiba.

Lakini adabu ile ina nusu ya pili, na mzee aliiruka. Kwetu ng'ombe hawekwi kimya kimya. Huwekwa mbele ya majirani, mwenye ng'ombe atamke kwa mdomo wake kwamba ni wake, ili kesho pasiwe na ubishi. Nikamwambia mume wangu aoge, ale, aniachie mimi.

Siku ya pili nilipika togwa ya uwele, nikaita majirani wote. Niliwaita pia wazee wawili wanaokaaga barazani siku ya shauri kumweleza Bwana Shauri mila zetu. Nikatuma watu wamwite mwenye ng'ombe. Alikuja amejifunga shuka jipya, akidhani naona fahari juu ya urafiki wake.

"Mbukwa, baba," nikamsalimu, nikampa togwa kabla ya wengine. "Uliniwekea ng'ombe nikiwa peke yangu, nikasahau adabu ya kuita watu. Leo nimewaita. Tuambie, ng'ombe huyu umetupa au umetuwekea?"

Mzee alimtazama mume wangu, akatazama pia njia ya bomani, ambako askari mmoja alikuwa anapita. Kusema ametupa ilikuwa kukiri hongo na kujipeleka kwenye kiboko mwenyewe.

"Nimeweka," akasema. "Kila mtu anajua. Nimeweka tu."

"Na ndama?"

"Ndama ni wangu."

"Akikaa hapa miaka, akizaa, akila majani yetu?"

"Hata azeeke hapa!" Sasa alikuwa amekasirika. "Mtoto wa Mgogo unauliza hayo? Aliyewekewa hana lake ila maziwa."

Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango aliguna, kisha akaanza kucheka mpaka togwa ikammwagikia. Mmoja wa wale wazee wa barazani alijifunika uso kwa kiganja. Ndipo mwenye ng'ombe akayasikia maneno yake mwenyewe. Mume wangu akasimama, akasema kwa heshima zote, "Ahsante, mzee. Mashahidi wamesikia. Uani kwetu ni padogo, mchukue ng'ombe wako." Mzee akamswaga mwenyewe, bila vijana, ndama akimkanyaga kanyaga miguu.

Siku ya shauri nilikwenda, nikasimama nje ya baraza pamoja na wanawake wengine. Mjane alisema maneno yake, mzee akasema ya kwake, na mume wangu akayatia yote kwenye Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza. Halafu mmoja wa wazee wa baraza akasimama. Alisema kwa Kigogo kwamba juzi mshtakiwa alitamka mbele ya watu kwamba aliyewekewa hana lake ila maziwa. Kisha akasema pia yalitamkwa wapi, nyumbani kwa nani, na juu ya ng'ombe yupi.

Pale palikuwa na upenyo. Mume wangu angeweza kutafsiri nusu ya kwanza, akaimeza nusu ya pili, na Mzungu asingejua kamwe. Akaitafsiri yote. "Anasema ng'ombe huyo alikuwa uani kwangu, Bwana. Alimnywesha mtoto wangu siku nne. Amekwisha rudishwa." Sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka.

Bwana Shauri alimtazama. Akasema kitu kifupi kwa Kijerumani, kwa nafsi yake. Mume wangu alikuwa ameokota Kijerumani kidogo, akakielewa, lakini hakukitafsiri, na hadi alipokufa hakuniambia kilikuwa nini. Nilimbembeleza miaka. Kisha Mzungu akaamua. Ng'ombe wa mjane na uzao wao warudi kwake, na mkalimani arudi kazini kesho yake kama kawaida.

Sikuwa mpenzi wa serikali ile. Ilichukua kodi kwa nguvu, ikawapiga watu wetu. Lakini nimesikia kwa wasafiri wa kila rangi kwamba kokote kwenye boma kuna mlango wa nyuma wa kupitishia hongo, na hilo hunifanya nijivunie zaidi nyumba yangu ndogo. Nilianza kuupenda ule mlenda.

Siku chache baadaye mjane alipita na ng'ombe wake, mchana, njia ya mbele ya nyumba yetu. Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini. Nilimwona akikunja uso, akijiandaa kukataa shukrani kwa upole wake ule wa kukera. Mjane akasimama. Hakuwa na kuku, hakuwa na kibuyu, mkononi alikuwa na fimbo tu. Tangu niolewe sikuwahi kumwona mtu akija mlangoni petu hivyo.

"Mama," akaniambia, "jua kali. Nipe maji ya kunywa."

Nikakimbilia ndani kumletea.