Hodi kwenye Nyumba ya Matofali

Juzi nilipita mbele ya ile nyumba ya matofali mekundu, iliyojengwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambako mama alifanya usafi tulipohamia Stockholm.

Mchana mmoja wa utoto wangu mama, akiwa mjamzito, aliteleza kwenye barafu langoni. "Kimbia mwanangu, kawaite wenye nyumba," aliniambia, ameshika tumbo. Nilisimama chini ya tao la mlango, penye harufu ya kuvu na moshi wa kuni, nikaita hodi mara tatu kama nilivyofunzwa. Ndani kinanda kiliendelea kulia. Nikadhani wamenisikia ila hawataki mgeni, na asiyeitikiwa hurudi. "Hawajanikaribisha, Mama." Akafumba macho.

Mdogo wangu hakuzaliwa. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu ile sijaisamehe mpaka leo.

Sasa najua kuta zile zina unene wa dhiraa nzima, na nyuma ya mlango ule kuna mwingine. Kando yake bado kinaning'inia kishikio cha chuma, ambacho utotoni nilidhani ni pambo tu. Safari hii nilikivuta. Kengele ikalia mbali ndani, na kabla sijakiachia, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.