Mchezo wa Majani Mawili na Chipukizi

Mwaka wa 1999 Nyambeki alifundisha kompyuta pale Roret, penye mashamba ya chai, kwenye chumba chenye mashine nne, zote za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshindana na Windows. Windows hakutaka hata kuisikia. Yeye na mwalimu mwenzake, Tecla, walikuwa wametunga mchezo wa Linux wa kuchuma chai: ukichuma majani mawili na chipukizi, unapita, ukiongeza jani la tatu, karani wa mizani anakumwagia kikapu chote chini. Wanafunzi waliupenda, lakini walililia pia michezo ya Windows. Nyambeki akawahurumia, akaweka Wine, programu inayoiwezesha Linux kuendesha vitu vya Windows.

Muhula uliofuata Tecla alileta toleo jipya la mchezo wao. Nyambeki akasoma mstari wa kwanza wa maelezo yake, akapigwa na butwaa: “Mchezo huu umeandikiwa Windows.”

“Tecla! Umefanya nini?”

“Si Wine yako itauendesha, mwalimu? Niandike mara mbili, la Windows na la Linux, ya nini?”

Nyambeki aligeukia skrini. Mchezo ulikuwa umeshaanza, tena bila hitilafu, kwa Wine aliyoiweka kwa mikono yake mwenyewe.