Ree Sita Makutupora

Kama umekuja kutafuta hadithi ya kukusinzisha, hii siyo. Haya yalinipata mimi, mwenye akili zangu, sijaonja hata tone la mvinyo, saa nane mchana, jua la Agosti likiwaka juu ya bati. Nasema mchana kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii huuliza kwanza kama kulikuwa na giza. Hakukuwa na giza. Afadhali kungekuwa na giza, ningejidanganya kwamba sikuona vizuri, nikalala usingizi wangu.

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Makutupora. Shamba ni ekari moja, tuliyoachiwa na baba sisi wawili, mimi na mdogo wangu Yohana. Yohana amefariki. Alimwacha mkewe, shemeji yangu Sechelela, ambaye alirudi kwao Mpwapwa na binti yao mmoja. Nusu ya mizabibu ile aliipanda Yohana kwa mikono yake, hilo kijiji kizima kinalijua. Lakini tangu afe, kila msimu nilikuwa namtumia shemeji kreti mbili kwa basi, sukari kidogo juu yake, na simu ya maneno matamu. Mbili tu. Nilikuwa nimempima. Nilijua moja ingemkasirisha aje na wazee wa ukoo, na tano zingemfungua macho aulize zilizobaki. Mbili zilimtuliza. Nakuambia yote haya ili usije ukanionea huruma mahali pasipostahili.

Msimu huo akapiga simu. Binti amechaguliwa chuo cha mifugo, palepale Mpwapwa, na zimebaki siku chache za kuripoti. "Shemeji, safari hii naomba sehemu ya baba yake," akasema. "Asipokwenda sasa, nafasi anapewa mwingine." Nikamjibu kwamba mavuno ni mabaya, ndege wamekula. Ndege gani! Nilikuwa nimevuna kreti arobaini, zimejaa pomoni.

Arobaini hizo zilikuwa bandani, pamoja na za wenzangu, zikisubiri lori la mnunuzi. Anayelima zabibu anajua: ikishakatwa haina subira. Lori lilitakiwa lije Ijumaa, likaharibika njiani, tukaambiwa Jumamosi asubuhi, asubuhi ikawa mchana. Nyigu wamejaa, kreti za chini zimeanza kuchuruzika, na sisi watatu tumekaa tunacheza poka.

Cheka tu. Poka aliileta Kessy, mtumishi wa serikali anayeishi Nzuguni, mmoja wa hawa walionunua ekari huku ili wawe wakulima wa Jumamosi. Wa tatu alikuwa jirani yangu Ndahani. Mchezo wenyewe hauna makuu. Kila mtu anapewa karata mbili anazificha. Mezani zinafunuliwa tatu za wote, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila mara unaweka dau. Mwenye mkusanyiko mzito kuliko wenzake ndiye anayezoa. Dau letu lilikuwa punje za mahindi, punje moja kreti moja. Kwa kawaida mtu alipoteza moja au mbili, tukataniana, yakaisha.

Kessy alipenda kutufundisha kama tuko semina. "Karata mbaya haina kazi, unaitupa," alisema. "Kazi ipo kwenye karata kubwa. Ukiweka dau kubwa wanakimbia, ukiweka dogo unaambulia makombo. Usijiulize wewe unataka ngapi. Jiulize mwenzako anaweza kutoa ngapi bila kunyanyuka." Nikamwambia hilo nalielewa vizuri sana. Kweli nililielewa, si ndilo nililokuwa namfanyia shemeji yangu?

"Mbukwenyi," sauti ikasema nyuma yangu.

Tukaitikia salamu. Mtu akavuta kreti tupu akakaa kati yangu na Ndahani, kwa ukawaida wa mtu aliyetoka mara moja akarudi. Hapa ndipo kichwa changu kinapoanza kuzunguka. Ukiniuliza sura yake, naona kama ninayo, nikitaka kuieleza inaponyoka. Najua alikuwa mrefu. Najua shati lilikuwa na madoa ya zabibu, lakini siku hiyo la nani halikuwa nayo? Mimi nilidhani ni rafiki yake Kessy. Kessy, kama alivyoniambia baadaye, alidhani ni ndugu yangu. Ndahani aliitikia salamu kama sisi, nikaona naye anamjua. Basi hakuna aliyemuuliza, kila mtu akimstahi mgeni wa mwenzake.

"Nigawieni na mimi," akasema.

"Hapa dau ni zabibu," nikamwambia. "Unazo?"

"Ninazo kreti ishirini."

"Ziko wapi?"

"Zimo humu humu bandani, kaka."

Banda lilikuwa na kreti za watu wengi, sikuona ajabu. Nikamwambia Ndahani, gawa kwa wanne, akagawa. Nikainua zangu kwa kona: ree ya kopa, ile ambayo panya wa nyumbani kwa Kessy aliitafuna pembeni, na ree ya shupaza. Nikajikaza nisitabasamu. Ndahani akafunua tatu mezani. Ree ya uru. Ree ya maua. Saba.

Unaelewa? Ree zote nne zilizomo duniani nilikuwa nazo mimi. Nimecheza karata tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuliona jambo hilo. Furaha nilikuwa nayo, siwezi kukataa, lakini mara moja ikageuka kuwa wasiwasi: nikiziweka punje zote si watakimbia? Nikaweka punje moja, kwa unyonge, kama mtu asiye na kitu. Kessy akatupa zake. Ndahani akatupa zake. Mgeni akaweka punje moja.

Karata ya nne, tisa. Nikawaza: mbili atalipa bila kufikiri, tano ataogopa, basi tatu. Kabla sijanyoosha mkono, punje tatu zilikuwa tayari zimekaa mbele yake.

"Nani kakuambia naweka tatu?" nikamuuliza.

"Si ndizo unazotaka?"

Niliwatazama wenzangu waseme neno. Kessy alikuwa anahangaika na simu yake, Ndahani anafukuza nyigu. Nikaweka tatu zangu, nikiwa sijui tena nani anamfuata nani.

Karata ya tano, mfalme. Sasa ndipo penye kazi. Nikamkazia macho nimpime: ana mfalme? Kama anaye atatoa nane. Kumi je? Nikagundua kwamba tangu agawiwe hajazitazama karata zake hata mara moja. Zilikuwa chini, zimelala, na yeye ananitazama mimi kwa upole ulioniudhi.

"Mbili tu, kaka?" akasema. "Kama kila msimu?"

Niamini, jua lile lote sikulisikia tena. Nani kamwambia? Sechelela? Kondakta wa basi? Au hakumaanisha chochote, ni mimi na hatia zangu? Bado sijui. Ninachojua ni kwamba nilipandwa na hasira, hasira ya mtu aliyefunuliwa, nikasema nitamkomesha huyu. Nikazoa punje zangu zote nikazisukuma katikati.

"Arobaini!" nikasema.

"Mimi ninazo ishirini," akajibu. "Weka ishirini."

Nikarudisha zilizozidi. Yeye akasogeza zake zote. Nikafunua ree zangu mbili kwa kishindo, Kessy akaruka akaacha simu ikaanguka. Ndipo mgeni akazigeuza zake, taratibu, akazilaza kando ya zangu.

Ree ya kopa. Ree ya shupaza.

Ree ya kopa ilikuwa imetafunwa na panya pembeni, mahali palepale, jino kwa jino. Nilizitazama mbili zile, yangu na yake, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Mezani kulikuwa na ree sita. Unafanyaje mtu ukiona hivyo? Unapiga kelele? Mimi nilihesabu. Nikahesabu tena, moja hadi sita, kwa kidole.

Kessy, ambaye naona alikuwa amechanganyikiwa kunizidi, akakimbilia kanuni. "Sare," akasema kwa sauti nyembamba. "Wakilingana, wanagawana nusu kwa nusu."

"Haya," mgeni akasema akinyanyuka. "Nusu yangu inanitosha."

Akatoka bandani, akaingia katikati ya mistari ya mizabibu. Nilimfuata kwa macho mpaka upepo ukainua vumbi, nikafumba. Nilipofumbua, kulikuwa na mizabibu tu. Kessy alikusanya karata zake akazihesabu mbele yetu: hamsini na mbili. Ree nne. Yenye kona iliyotafunwa, moja.

Nikawauliza wenzangu walimwona nani. Kessy akasema mzee, wa umri wa kustaafu. Nikamwambia hapana, ni mtu wa rika la mdogo wangu. Ndahani akainamisha kichwa, akasema aliitikia salamu kwa kuwa sisi tuliitikia, akagawa kwa kuwa nilimwambia gawa, na kwamba muda wote ule alikuwa anaona aibu kuniuliza nazungumza na nani. Nikamwuliza, zile punje ishirini je? Akageuka akaendelea kufukuza nyigu. Na usiniambie ilikuwa Yohana. Yohana alikuwa mfupi, mcheshi, na ningemtambua kwa kukohoa tu. Huyu hakuwa Yohana.

Honi ya lori ikatushtua. Akashuka karani, dada mmoja mkali, akaweka mizani yake chini, ile yenye namba nyekundu. Nikaenda mwisho wa banda kutafuta kreti ishirini za yule mtu. Hazikuwapo. Kila kreti bandani ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe tulimjua. Nikashusha pumzi. Nikasema basi, kilichotokea kimetokea, zabibu zangu ni arobaini.

Ishirini za kwanza zilipimwa vizuri. Ya ishirini na moja, mizani ikasoma sifuri.

"Baba, umejaza majani?" karani akauliza. Akajaribu kuinyanyua, ikamshinda. Akaweka jiwe, mizani ikasoma. Akapanda mwenyewe, ikasoma. Akairudisha kreti, sifuri. Tukaleta nyingine, sifuri. Nyingine, sifuri. Dereva akapiga honi, ana mashamba mengine ya kupitia, na zabibu za siku ya pili haziwezi kungoja siku ya tatu.

"Andika jina la mke wangu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sifuri. "Andika la Ndahani." Sifuri. Ndahani akanivuta shati. "Unajua jina," akaninong'oneza. "Acha ubishi, unajua."

Nilijua. Na bado nilisimama pale, nyigu wakinitambaa mikononi, nikitafuta kama kuna namna nyingine. Huo ndio ukweli unaoniaibisha kuliko yote. Hata hapo nilikuwa bado napima. Nikawaza nimwambie aandike tano kwa jina lake, tuone kama zitatosha.

"Sechelela," nikasema.

Karani aliandika. Namba nyekundu zikapanda: kilo ishirini na nne na nusu. Tukapima zote ishirini, zote zikasoma. Malipo yakaenda kwenye simu yake Mpwapwa jioni ileile, na Jumatatu binti aliripoti chuoni. Shemeji alinipigia analia, ananiita mtu mwema. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikamwambia ahsante kwa kushukuru.

Tangu hapo ni hivyo kila msimu. Nusu haisomi mpaka litajwe jina lake. Msimu mmoja nilijaribu kumpunguzia kreti moja, moja tu, na mizani ikagoma hata kwa zangu, mpaka nikairudisha. Karani yule siku hizi haulizi, anaandika majina mawili nikiwa bado sijafungua mdomo. Na mimi silali vizuri. Si kwa woga. Ni kwa kutoelewa. Mtu aliyeweza kuzitoa ree mbili zisizokuwapo, angeshindwa nini kutoa karata za kunifunga nikaondoka mikono mitupu? Angeweza kuchukua zote arobaini. Kwa nini alichukua nusu, akaniachia yangu, kana kwamba nilistahili?

Basi wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unampa kidogo kidogo, kiasi kile unachojua kitamfanya anyamaze, mpe chake. Usingoje aombe mara ya pili. Mpe leo, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, wakati bado unaweza kusema ulitoa kwa hiari. Mimi siwezi kusema hivyo. Binti wa Yohana amemaliza chuo, juzi alikuja kunitibia mbuzi, akaniamkia, akapiga magoti, akaniita baba. Niliitikia marahaba nikitazama chini.