Dereva Aliyeikwepa Endasak

Siku ya mnada hapa Karatu huwezi kusikilizana na mtu kwenye simu, kwa hiyo nilipoona jina la shemeji yangu kwenye kioo nilijitenga na wauza mitumba nikaenda kusimama nyuma ya mabanda ya nyama choma. "Shemeji," alisema, "mwenzio ameondoka." Nikamuuliza ameondoka kwenda wapi, maana mumewe alikuwa mtu wa kuondoka na kurudi maisha yake yote. "Amefariki, shemeji," akasema. Asubuhi hiyo alikuwa shambani kwao Qurus akipalilia maharage ya ngwara, presha ikapanda, akaanguka. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Namwita mkewe shemeji kwa sababu marehemu na mimi tulikuwa majirani wa uzio mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini, mimi nikifundisha sekondari, yeye akiendesha watalii, na katika miaka hiyo undugu ulijijenga wenyewe. Wasomaji wa siku nyingi wa safu yangu hii wanajua kwamba sina kawaida ya kuandika tanzia. Hii naiandika kwa idhini ya mjane, na naiandika kwa sababu nina sehemu yangu ndani yake.

Alikuwa dereva ambaye madereva wenzake walimpigia simu kuuliza njia. Ukungu ukishika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, au mvua ikiharibu njia ya kuelekea Loliondo, wao walisubiri neno lake. Nilipata kusafiri naye hadi Wasso nilipokuwa nakwenda kwenye semina ya walimu. Njia ilipogawanyika mara tatu katika uwanda ule usio na kibao, alisimamisha gari, akashuka, akatazama kwato za ng'ombe kwenye tope, akazungumza Kimaasai na mfugaji aliyekuwa akipita, kisha akashika njia ambayo mimi nisingethubutu kuipita hata kwa punda. Tulifika kabla ya watu waliotutangulia kwa saa nzima. Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi cha siku ile kilitokea karibu na Oloipiri. Kulikuwa na mama kando ya njia, amembeba mtoto mgonjwa. Gari tatu zilikwisha kumpita. Rafiki yangu alifunga breki tukarushwa mbele, akawapakia, akawapeleka hadi mlangoni mwa hospitali, akasubiri mtoto apokewe. Saa ile tuliyoiokoa ikaishia pale hospitali, nikachelewa semina. Nilipolalamika alinijibu, "Mwalimu, mtu akiwa chini hapitwi." Nilidhani ni wema tu. Nilidhani pia kuwa ni wema ule uliomfanya apunguze mwendo kila alipoona baiskeli, hata kama mwenye baiskeli yuko mbali, pembezoni kabisa, hana habari na sisi.

Miaka mitano iliyopita familia zetu mbili ziliamua kusafiri pamoja likizo ya Desemba. Tulitaka kwenda Kigoma watoto wakaone ziwa, na yeye alikuwa amenunua Landkruza kuukuu iliyostaafu kazi ya utalii. Tulikaa sebuleni kwake kupanga njia. Kwanza akapendekeza tupite Ngorongoro na Serengeti, tutokee upande wa ziwa Viktoria, kisha tushuke kusini. Wake zetu wakakataa. Viingilio vya geti kwa gari na watu wanane vingemaliza hela ya safari kabla hatujafika popote. Mimi nikasema hakuna haja ya kuumiza kichwa, kuna lami tupu: Makuyuni, Babati, Katesh, Singida. Akatikisa kichwa. "Tutapita Mbulu, tukatokee Haydom, tuingie Singida." Nikamkumbusha kwamba ni Desemba, na kwamba huko kuna vipande vya udongo mweusi ambao ukilowa haumwachii mtu. Akasema anajua. Ndipo mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, akauliza bila kuinua macho, "Kwani huko Katesh kuna nani, baba?" Aliuliza kama mzaha, lakini sebule yote ilipoa. Yeye akajibu kwamba njia ya Mbulu ni njia ya kwao na watoto waijue. Tukaikubali kwa sababu dereva ni yeye.

Mbele ya Dongobesh mvua ilitupata. Saa sita mchana gari lilizama hadi kwenye ekseli, na kila alipokanyaga mafuta tulizidi kushuka. Wanawake na watoto walibaki ndani, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua na vimejaa ukungu wa pumzi zao. Mtoto wangu mdogo alitaka kuchimba dawa kila baada ya robo saa, na kila mlango ulipofunguliwa tope liliingia. Kulikuwa na harufu ya maandazi, nepi na nguo mbichi. Nyuma hatukuweza kurudi, mbele hatukuweza kwenda, simu haikuwa na mtandao. Sisi wawili tulichimba kwa sepeto moja kwa kupokezana, na tope lilirudi kwenye shimo tulipokuwa bado tunalitazama. Baada ya saa mbili hivi aliegemea mlango wa nyuma, mvua inamchuruzika usoni, akasema, "Mwalimu, hapa nimewaleta mimi."

"Ni mvua," nikamwambia.

"Si mvua. Ningepita lami saa hizi watoto wanakula kuku Singida."

Basi akanieleza. Miaka minane kabla ya siku ile alikuwa amewachukua wageni walioshuka mlima Hanang, ndege yao inaondoka usiku, na wamechelewa kutoka mlimani. Ofisi ilimpigia simu mara mbili kumwambia kwamba wageni wakikosa ndege asirudi kazini. Karibu na Endasak, alasiri, jua likiwa bado juu, akalipita lori, na alipokuwa anarudi upande wake akasikia mlio ubavuni mwa gari. "Mlio mdogo," alisema. "Kama mtu amegonga mlango kwa ngumi." Kwenye kioo cha pembeni aliona gurudumu la baiskeli linazunguka juu juu, na gunia lililopasuka, mahindi yamemwagika kwenye lami. Mwenye baiskeli hakumwona, kwa sababu lori lile lilikuwa limekwisha kusimama likaziba. Mgeni mmoja akauliza ni nini kile. "Nikamwambia ni mbuzi. Akasema, maskini mbuzi." Hakusimama. Aliogopa watu wa pale wasingemwacha hai. Madereva wote hufundishana hivyo, kwamba ukigonga usishuke, nenda kituo cha polisi. Kituo alikiona Babati. Nacho akakipita. Bosi alipouliza mkwaruzo ule, neno lilikuwa tayari mdomoni: mbuzi.

"Alikufa?" nikamuuliza.

"Ndiyo hicho, Mwalimu. Sijui. Sijui kama aliinuka akakung'uta vumbi, au kama..." Akapangusa mvua usoni. "Sijui hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Tangu siku ile sijapita pale. Kazi za upande huo nazikataa. Msiba wa mjomba wangu Katesh nilisema naumwa. Kila siku nawaza niende Endasak nikaseme ni mimi."

Nikamuuliza kama mkewe anajua, akasema hajui mtu yeyote chini ya jua isipokuwa mimi, sasa hivi. Kisha akanitazama akisubiri. Wasomaji, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na nimetoa ushauri kwa wengi bila kuombwa. Siku ile niliombwa. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, nasikia watoto wakilia ndani ya gari, na nilichotaka ni habari ile irudi ilikotoka. Nikamwambia, "Yamepita hayo. Funika kombe mwanaharamu apite."

Akauliza taratibu, "Kwa hiyo nisiende?"

"Uende ukaseme nini? Ukafungwe? Na hawa waliomo humu ndani walelewe na nani?"

Alifuta mikono kwenye suruali, akachukua sepeto, akaendelea kuchimba. Jioni mkulima mmoja wa pale alikuja na maksai wake sita, akatuvuta kwa mnyororo huku akitucheka kwa Kiiraqw. Tulifika Kigoma baada ya siku mbili. Watoto waliogelea, tukala migebuka, samaki wa huko, tukapiga picha. Katika picha zote yeye yupo pembeni, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu.

Baada ya hapo alilitaja jambo lile mara moja tu. Tulikutana kituo cha mafuta, akaniinamia dirishani. "Juzi nilikwenda. Nilifika Babati, nikanywa chai, nikageuza." Nikamwambia, "Ulifanya vizuri." Naona aibu kuandika maneno hayo mawili, lakini niliyasema, tena nikampigapiga begani.

Tulipomaliza msiba, wageni wametawanyika na maturubai yamerudishwa, shemeji alimtuma mtoto kuniita. Nilimkuta jikoni peke yake. Akaniuliza, "Shemeji, huyo mwanamke alikuja kuzika?"

"Mwanamke gani?"

"Wa Katesh. Usinifiche tena, mtu mwenyewe amekwisha kwenda. Nilikuwa natazama kila uso uliopita kwenye jeneza. Nilitaka tu nimwone anafananaje."

Ndipo nikaelewa kwamba miaka kumi na mitatu mwanamke huyu aliishi na mwanamke mwingine ambaye hakuwapo. Alipomwona mumewe ameamka alfajiri amekaa ukingoni mwa kitanda, alijua anamwaza huyo. Alipokataa kwenda kumzika mjomba wake, alijua anaogopa kuwakutanisha. Walikuwa wamekwama nyumba moja, kila mmoja kwenye tope lake, na mimi upande wa pili wa uzio nilikuwa na neno la kuwatoa wote wawili. Nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza yale mahindi yalikuwa meupe au ya njano, swali ambalo sikuweza kulijibu. Kisha akauliza, "Na wewe ulijua tangu safari ile ya Haydom?"

"Nilijua."

"Ungeniambia ningekwenda naye," akasema. "Ningemshika mkono tukaenda, hata kama ni jela ningempelekea chakula. Mimi niliogopa mwanamke, shemeji. Jela siiogopi."

Hapa karibu kila nyumba ina mtu anayekula kwa usukani. Tunawasifu kwa kuwahi. Tunawauliza mmetumia saa ngapi kutoka Seronera, na anayejibu saa chache ndiye dereva. Mwenye ofisi huhesabu ndege ya mgeni, mgeni huhesabu likizo yake, na barabara hizo hizo ndizo wanazotumia watu wa baiskeli na magunia. Sisemi haya kumtakasa rafiki yangu. Alipaswa kusimama, na alilijua hilo kuliko mimi. Nasema tu kwamba walikuwapo wengi waliomhimiza asisimame siku ile, na miaka minane baadaye, alipotaka kusimama, alinikuta mimi.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda Endasak: shemeji, binti yake mkubwa, na mimi kwenye usukani. Tulimtafuta mwenyekiti wa kitongoji, tukamweleza shida yetu bila kuficha. Alitusikiliza vizuri, akawaita wazee wawili na mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma barabarani. Tukauliza kuhusu mtu wa baiskeli aliyegongwa na gari la watalii, yapata miaka kumi na mitatu iliyopita. Wakajadiliana kwa muda mrefu. Kisha mwenyekiti akatuambia kwamba kwa miaka ile wanaweza kutukumbukia wanne. Mmoja alikufa palepale. Mmoja anachechemea hadi leo. Mmoja alipona akahamia Singida. Wa nne ni msichana, aliyekaa kitandani miezi kadhaa kisha akafa. Magari yaliyowagonga, wao hawakulitambua hata moja, kwa sababu hakuna lililosimama. "Ni kabla au baada ya daraja?" mwenyekiti akauliza. "Mkituambia ni wapi hasa, tutawaambia ni yupi."

Mahali pale alipajua mtu mmoja tu. Angeweza kupaonyesha kwa kidole, jiwe kwa jiwe, mtu yule aliyesoma njia kwa kwato za ng'ombe. Kwa miaka mitano nilikuwa na mtu huyo jirani yangu, na nikamwambia alifanya vizuri kugeuza.

Nilidhani tumefika mwisho wa safari. Nikaanza kumshukuru mwenyekiti. Shemeji akafunga kanga yake vizuri kiunoni akasimama. "Twende kwa wote wanne," alisema.

Siku ile tulifika nyumba mbili. Katika ya kwanza, mama wa yule aliyefia barabarani alitusikiliza mpaka mwisho, akasema mwanawe aligongwa asubuhi, huenda si yeye, lakini tuketi kwa kuwa tumefika. Shemeji akaketi. Walishikana mikono, kila mmoja akiwa na marehemu wake. Katika nyumba ya pili, yule anayechechemea alicheka, akasema yeye aligongwa na basi tena alikuwa amelewa, kisha akatusindikiza hadi kwenye gari, polepole, akikataa kushikwa mkono. Nyumba mbili zimebaki, na shemeji amekwisha kuniuliza lini.

Kwa hiyo funzo la leo ni langu kabla halijawa lenu. Mtu akikueleza jambo linalomla, kisha akakuuliza, "Kwa hiyo nisiende?", elewa kwamba huyo amekwisha kuvaa viatu. Usimtafutie sababu za kukaa. Mwambie twende, na uingie naye garini.