Convertisseur kwa Mbao Sita

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, juu nikianza sitasimama. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, muchana, jua iko juu ya kichwa, hapa Kisangani, miaka ya vita. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa na homa. Nilimweleza padri wetu yote, akaniuliza maswali sawa vile polisi, na mwisho ni yeye mwenyewe alikuja na maji ya baraka. Sasa wewe ni nani wa kunikatalia?

Nilikuwa dereva wa taxi. Nilibeba watu toka uwanja wa ndege wa Bangboka mpaka mujini. Vita ilipoingia, ndege ikawa ya askari, abiria wakapotea, na mafuta ikawa kitu ya kunusa tu. Lakini sikuja kulia hapa juu ya kazi. Shida yangu ilikuwa mutoto wangu Riziki, miaka sita, mwenye asthme, ile pumu. Kifua ikimukamata alikuwa anainama mbele, mikono juu ya magoti, midomo inageuka rangi ya majivu, na ile filimbi ya kifua unaisikia toka inje. Masista wa dispensaire walikuwa wametupa mashine ya kumupulizia dawa puani. Mashine ile ilimuokoa mara nyingi. Lakini inataka courant, umeme wa nyumba, na courant, kisha ya mabomu kuanguka ndani ya muji, ilikatika ikakaa karibu mwezi muzima.

Fundi mmoja wa redio ndiye alinipa akili. "Papa Riziki, uko na batri ndani ya gari na unalilia courant? Tafuta convertisseur." Akanieleza: kasanduku ka chuma, unaifunga kwa batri ya gari na waya mbili, upande mwingine unachomeka vyombo ya nyumba, inatembea. Watu wengi waliitaka juu ya televizyo. Mimi nilitaka pumuzi ya mutoto wangu.

Bon, nikatafuta siku tatu. Wafanyabiashara wa toka Butembo wenye maduka kubwa hapa mujini walinijibu neno moja: mali inakuja na ndege, na ndege haiji. Siku ya pili mutu mmoja wa soko akanionyesha karton mupya, imefungwa na scotch, picha ya convertisseur juu yake. Nikamwambia fungua. Akasema, ukifungua umenunua. Nikaipasua palepale. Tofali! Ndani ilikuwa tofali, imefungwa na gazeti vizuri sawa vile zawadi ya ndoa. Namna nilimurudishia tofali yake, hiyo sitaeleza, bibi yangu atasikia. Lakini toka pale nikaapa: kitu yoyote nitanunua, nitaikagua mpaka roho yake.

Siku ya tatu Riziki aliamuka na kifua imefungwa. Bibi yangu alikuwa amemushika mugongo, akaniangalia tu, akasema: "Papa Riziki, leo usirudi mikono mitupu." Nikaingia ndani ya gari. Nilikuwa na mafuta ya kwenda na kurudi mara moja, basi. Nikashika barabara ya Bangboka, nikijiambia labda kule uwanjani kuna mutu wa ndege mwenye anauza kisiri. Ningemupata hata chini ya udongo, unaniamini?

Sikufika. Karibu na station ya mafuta yenye iliungua, nikaona mutu amesimama kando ya barabara, murefu, salopette ya bluu, ile nguo ya kazi, na juu ya bega yake convertisseur. Bila karton. Nilikanyaga frein mpaka gari ikalia.

"Unauza?"

"Nauza."

"Watt ngapi?"

"Mia tatu. Mutoto wako itamutosha."

Wewe ungesikia hiyo, ungejiuliza nani alimwambia habari ya mutoto. Mimi nilisikia "mia tatu" tu. Nikafungua capot, mufuniko wa gari. Nikageuza kile chombo chini juu, nikatikisa kama kuna kitu imelegea, nikanusa kama iliungua, nikahesabu vis, skrubu zote. Nikafunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kataa kadogo, taa ya kijani, kakawaka. Kafeni ka ndani kakaanza kuzunguka.

Yule mutu akachukua waya yenye nilikuwa nayo, akachomeka upande mmoja, na ule upande mwingine wenye uko uchi akaushika: ncha moja mukono wa kuume, ncha moja mukono wa kushoto. Akakaa hivyo, anatulia, sawa vile mutu ameshika kikombe ya kahawa.

"Iko inatoka muzuri," akasema.

Courant ya nyumba, ndugu yangu! Ile inatupa mutu muzima chini. Na mimi nikasema nini? Nikasema: "Papa, mimi siamini mikono ya mutu, naamini ampoule." Nikatoa ampoule, taa yangu ndogo, mufukoni, nikaiunga kwa ile waya. Ikawaka kali. Roho yangu ikarudi ndani. Nilikagua chombo yote, vis kwa vis, na mutu sikumukagua hata kidogo.

Nikauliza bei. Akasema hataki feza. "Mbao sita. Urefu wa mutu, ngumu, na misumari. Ulete leo, mbele ya couvre-feu, mbele askari hawajafunga barabara." Akanielekeza parcelle moja, kiwanja ya nyumba, karibu na njia ya reli, ukuta ya matofali imevunjika upande mmoja, mugomba moja tu nyuma ya nyumba. "Nitakungoja kwa mugomba."

Sikushangaa. Wakati ule kila mutu alikuwa anajenga upya chenye bomu ilibomoa, na watu walibadilisha chumvi kwa sabuni, sabuni kwa mafuta ya mawese. Mbao sita? Nikaona nimebahatika. Nilimwomba anipe convertisseur mbele, akatikisa kichwa. Sawa. Nikageuza gari.

Lakini mbao, utaitoa wapi? Nilipita kwa mafundi wanne. Wote walinionyesha mikono mitupu: kila ubao ndani ya muji ilikuwa imeingia ndani ya sanduku ya wafu, na kulikuwa wafu bado wanangoja. Jua ilianza kushuka. Nikafika nyumbani, nikasikia ile filimbi toka barabarani. Nikachukua nyundo, nikaingia chumbani, nikaanza kubomoa kitanda.

Bibi yangu akatokea. "We! Unavunja kitanda ya ndoa yetu?"

"Mama Riziki, nataka mbao sita. Hapa iko ine tu."

Aliniangalia, akamuangalia mutoto. Ni mwanamuke wa Wagenia, baba yake na babu yake ni wavuvi wa maporomoko, na wale watu hawapoteze maneno maji ikiwa imejaa. Akasema: "Toa mulango. Ni mbao mbili."

Mulango ya nyumba, wakati ule! Askari wanatembea usiku wanavyotaka, na sisi tunatoa mulango. Nikaitoa. Nikaipasua katikati, komeo ikabaki upande mmoja, na alama ya chaki ya wale wa chanjo bado inaonekana. Mafuta ya gari ilikuwa imeisha, nikafunga mbao zote juu ya velo, baiskeli yangu, nikaisukuma kwa miguu. Kwa barrière askari mmoja akanisimamisha, akaniuliza kwa Lingala nani amekufa. Nikamwambia hakuna mutu amekufa, na hakuna mutu atakufa leo. Akaniacha nipite. Sijui uso yangu ilikuwa namna gani.

Yule mutu alikuwa kwa mugomba, ameketi chini, convertisseur juu ya magoti yake. Nilitandika mbao mbele yake. Na sasa sikiliza vizuri. Alisimama, akalala juu ya mbao, mugongo chini, akanyoosha miguu, akaweka mikono juu ya kifua. Akapima kichwa, akapima kisigino.

"Inafaa," akasema.

Nilifikiri anataka kutengeneza kitanda. Naapa kwa Mungu! Nilijiambia, bon, imetoka kwa kitanda, inarudi kitanda. Nikanyakua ile convertisseur, nikasema aksanti, akanijibu, "Usinishukuru, umelipa." Nikapanda velo. Sikugeuka kuangalia nyuma hata mara moja, siyo juu ya woga, ni juu ya haraka. Tulifunga mashine kwa batri, tukamuwekea Riziki ile kitu puani, na mbele giza haijaingia filimbi ikaanza kupungua, pole pole, mpaka mutoto akaomba wali. Tulilia wote wawili, mimi na mama yake. Mimi zaidi.

Asubuhi bibi yangu akaniuliza: "Jina yake nani, yule papa?" Nikasema sijui. Akakasirika. "Mutu anakupa mutoto wako na hauulize jina? Kwenu mulilelewa namna gani?" Akafunga samaki ya kukauka mbili na chikwangue moja, mukate wa muhogo, akanituma nirudi kusalimu.

Nilikuta mbao palepale, vile niliitandika. Hakuna moja iliguswa. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya mbao, amejifunga pagne nyeusi kiunoni, anapapasa ile komeo ya mulango yangu na kidole. Aliposikia miguu yangu akaruka.

"Ni wewe umeleta hizi?"

"Ni mimi, mama. Bwana yako aliniomba."

Mama yule hakulia, hakupiga kelele. Alionyesha udongo chini ya miguu yangu. "Bwana yangu," akasema, "uko umesimama juu yake."

Niliruka, wewe! Samaki ikaanguka huku, chikwangue kule. Alinieleza: bwana yake alikuwa électricien, fundi wa courant, kule Bangboka. Bomu ilimukuta hapa uani. Njia ya makaburi ilikuwa imefungwa, wakamuzika pale pale kwa mugomba, na mukeka tu, bila ubao moja. Toka siku ile alikuwa anamuota anageuka geuka, anasema udongo inamuingia masikioni. Alizunguka kwa mafundi wote kuomba mbao, sawa vile mimi. Nikamuuliza, alivaa nini? Salopette ya bluu. Nikamuuliza, alikuwa na convertisseur? Akasema, nani alikuambia? Juu ni yule mama mwenyewe aliiweka ndani ya kaburi, kando ya kichwa, ndani ya mufuko ya plastiki, ili askari wasiiibe. Hakuna mutu mwingine alijua.

Ningeweza kunyamaza, si ndiyo? Nani angejua? Lakini nilimwambia. "Mama, iko kwangu. Mutoto wangu anapumua nayo. Ukiitaka, ni yako, lakini nakuomba, uniachie mpaka courant irudi." Na nakuambia ukweli: nilikuwa nimekwisha kukata shauri kwamba akikataa, nitalala mulangoni pake mpaka akubali.

"Mimi niliificha tu," akasema. "Yeye ameuza kitu yake. Tumutafutie padri."

Tulimuchimbua siku ile ile, wanaume wane, muchana kweupe, padri amesimama pembeni. Sanduku niliipigilia misumari mimi mwenyewe. Mufuko ya plastiki ilikuwa kando ya kichwa yake, mafundo matatu ya kamba, mafundo ya yule mama, hayajafunguliwa, na alilia alipoyatambua. Tukakata kamba na kisu. Ndani hakukuwa kitu. Padri aliushika ule mufuko, akaugeuza mara nyingi, akatafuta tundu. Hakupata. Tukamulaza ndani ya mulango na kitanda yangu, akaingia sawasawa, kichwa mpaka kisigino, na yule mama mwishowe akaketi chini kufanya matanga yake, na watu wakamuletea kahawa sawa vile inavyofaa.

Sisi tulilala chini miezi mingi, nyumba haina mulango, pagne tu inapepea. Usiku moja walikuja wenye kupora, barabara yetu yote. Milango ya majirani niliisikia inavunjika moja moja. Tulilala kifudifudi, Riziki katikati yetu. Wakafika kwetu, na sauti moja ikasema: "Hapa tuache. Kuna papa mmoja murefu amesimama mulangoni." Wakapita. Sikuinua kichwa kuangalia. Mimi ni jasiri, lakini kila kitu ina kipimo.

Riziki leo ni mama ya watoto wawili. Mimi, kila mutu akiniuzia kitu, hata nyanya, namushika mukono kwanza, nione kama iko na joto, na wachuuzi wa soko wananicheka wanasema muzee anatafuta bibi wa pili. Wacheke.

Lakini wewe mwenye unanisikiliza, usicheke sana. Ndani ya muji huu mugomba iko mingi yenye inazaa kupita ingine, na wenye parcelle wanajua juu ya nini, na wananyamaza. Kama uko na wako mwenye alilala na mukeka tu, tafuta mbao, ita padri, umufanyie matanga. Usiseme vita imepita, usiseme amezoea. Mufu hana mahali pa kununua. Atapanda barabarani kutafuta mutu mwenye shida kubwa kuliko woga, na atauza chochote alicho nacho. Mimi nilipata mufu wa haki, alinipimia sawa. Mufu wako, unajua ataomba bei gani juu ya mutoto wa mwenzako?