Ng'ombe wa Baba na Kuku Mmoja

Mpaka leo nikienda nyumbani Muyinga kuna watu wananiita Bwana Kuku, na wanaoniita hivyo ni watu wazima, wengine wazee wa kanisa, na siwalaumu kwa sababu jina hilo nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimevaa suti. Nimeificha aibu hii kwa wateja wangu wote wa Gitega, lakini ninyi ni watu wangu, acheni niwape yote.

Kwanza mumjue baba. Alikulia Tanzania kama mkimbizi, akafundisha shule hukohuko, na tuliporudi Burundi tukakuta shamba la babu limebaki kipande cha kutosha nyumba, choo na migomba michache. Mtu aliyelelewa kwa hadithi za ng'ombe wa babu yake hakuwa na mahali hata pa kufunga mbuzi. Basi nilipofungua kaduka kangu Gitega (napiga chapa na kutoa kopi, pale karibu na soko) nikampelekea kompyuta moja nzee ya mezani, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kufuga. Unaanza na kiwanja kitupu na kuku mmoja, unauza mayai, unalima majani, polepole unafika kwenye ng'ombe. Nilidhani atauchezea wiki mbili, achoke.

Alicheza miaka. Umeme ukiwepo jioni, baba yuko mbele ya kioo anakamua, miwani imeshuka puani, na mama anamwambia chakula kinapoa, naye anajibu kwamba mwenye ng'ombe hali kabla ng'ombe hawajala. Aliwapa majina ya heshima, Yamwezi, Gitare, Bihogo. Na kwa kuwa kwetu anayekupa ng'ombe amekufanya ndugu, na ng'ombe huyo akizaa unamrudishia ndama, baba naye aligawa ng'ombe wake wa kwenye kioo kwa kufuata desturi yote. Anamwita jirani, anamkalisha, anamimina urwarwa (pombe yetu ya ndizi), anatoa hotuba ndefu, halafu anaonyesha kwa kidole: huyu ni wako. Mzee Salvatori, fundi baiskeli, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyepewa Bihogo, jike mwekundu mwenye pembe ndefu. Kila akitoka kazini alisimama dirishani, mikono imejaa grisi, akauliza, "Bihogo amekunywa maji?" Wakati ule nilikuwa nacheka mpaka natoka nje. Siku hizi natamani tu nisimame naye pale dirishani, baba akiwa ndani, jioni moja.

Baba alipolazwa hospitali, maneno ya mwisho aliyoniambia kwenye simu yalikuwa haya: "Bihogo ana mimba, karibu azae. Mtu aiwashe mashine." Nikasema ndiyo baba, nikidhani ni homa inaongea. Hakuna aliyeiwasha, na yeye hakurudi nyumbani.

Mashine ikakaa imefunikwa kitambaa mpaka tukafika siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa msiba, ukoo na majirani wanapokaa pamoja, wanakunywa, wanamsema marehemu, na vitu vyake vinaruhusiwa kuguswa na kugawanywa. (Shikeni hapo: siku hiyo, si kabla.) Mimi mtoto wa kwanza ndiye wa kusema neno la familia, na hapo ndipo kichwa changu kikaniambia, kwa nini useme tu, si uwaonyeshe ng'ombe wenyewe? Nikaazima projekta kwa vijana wa kanisa. Lakini ile kompyuta ilikuwa nzito mno, ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, nami sikutaka wageni kutoka Gitega na Makebuko waseme mtu wa kompyuta ana kompyuta inayokoroma. Kwa hiyo jana yake nikaifungua, nikatoa diski ya zamani (kile chuma kinachotunza kila kilichomo), nikaweka mpya ya haraka niliyokuja nayo, nikapakia kila kitu upya na mchezo wenyewe. Ukafunguka mara moja! Nikaona picha ya mwanzo, nikasikia muziki, nikafunga nikipiga mluzi. Kubonyeza niingie ndani nione zizi, sikubonyeza. Kwenye simu nikibadilisha simu michezo yangu inanifuata yenyewe, nikadhani ng'ombe nao watafuata.

Diski ya zamani nikampa mama. "Mama, hiki ni chuma tu, kitupe." Mama akanitazama vile anavyotazama mtu anayepiga miluzi msibani, akakipokea, akaingia nacho ndani.

Kesho yake hema limejaa, mchungaji ameshaomba, bia zinafunguliwa, nikasimama. Nilisema vizuri, jamani, nilisema mpaka shangazi zangu wakapangusa macho. Nikamaliza kwa sauti kubwa: "Baba hakutuacha mikono mitupu. Tazameni ng'ombe wake, na kila mtu amtazame wa kwake." Nikabonyeza.

Kwenye shuka jeupe tulilotundika pakatokea kiwanja kitupu. Katikati, kuku mmoja. Akadonoa, akatembea kidogo, akadonoa tena.

Nikafunga nikafungua upya. Kuku. Neno la kuendelea na mchezo wa zamani halikuwepo, palikuwa na la kuanza tu. Jasho likaanza kunishuka ndani ya suti, ndipo baba mdogo kutoka Makebuko akauliza polepole, "Mbona iyi iko kuku?" Hema likalipuka. Mwingine nyuma akadakia, "Sasa kuku moja tutagawanya namna gani, na sisi tuko wengi?" Watu walicheka wakashikana mabega, nami nikacheka nao kidogo (mnakijua kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango), mpaka nikamwona Mzee Salvatori. Yeye hakucheka. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, amenawa grisi yote, na alikuwa amesimama.

"Mutoto wangu," akasema, "Bihogo yangu iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Ningemwambia nini? Kwamba zawadi ya rafiki yake nimeiweka kwenye takataka kwa sababu ya haraka? Machozi yakanitoka palepale, mtu mzima na maikrofoni yangu mkononi.

Ndipo mama akainuka. Akaingia ndani, akarudi na leso ya baba imefungwa fundo, akaifungua mbele yangu. Diski. "Vitu vya mtu havitupwi kabla ya kuganduka," akasema, si kwa hasira. "Wewe umesoma, hilo hukufundishwa?"

Nikapiga magoti nifungue kompyuta kwa kisu cha jikoni, suruali ya suti ikaachia nyuma, krrr, watu wakaona wasichopaswa kuona, sikujali. Nikarudisha diski ya baba, nikawasha. Ikaanza kukoroma taratibu, ule mngurumo niliouonea aibu, na mimi nikiwa bado chini nikaijua ghafla sauti ya jioni zetu zote, miwani puani, chakula kinapoa. Tukasubiri.

Zizi likatokea, limejaa. Watu wakaanza kunyoosha vidole, wangu yule, wangu yule, na Mzee Salvatori akasogea hadi mbele ya shuka kivuli chake kikamfunika Yamwezi. Nikabonyeza asubuhi ifike. Jua likatoka kwenye shuka, na pembeni mwa Bihogo palikuwa na ndama mwekundu, anajaribu kusimama.

Mzee Salvatori akavua kofia. Akaomba glasi ya urwarwa, akaniita nisimame (nikasimama nimejiziba nyuma kwa kitambaa cha meza), akasema kwa sauti ya desturi: "Baba yako alinipatia ngombe. Ngombe imezala. Mi sina deni tena: iyi ndama iko yako." Tukanywa glasi moja, wote wawili. Nililia tena, safari hii bila maikrofoni.

Diski mpya ipo dukani Gitega, sijaipa kazi, na naapa sitafungua tena kitu cha mtu aliyekufa kabla ya siku yake, hata kingekoroma namna gani. Mashine ya baba iko palepale, nzito vilevile. Anayekamua sasa ni mama, na jioni nikiwa nafunga duka hunipigia simu kabla hajaanza. Simu anaiweka mezani, tunaisikiliza mashine ikiamka, halafu ananiambia ndama wangu amekula.