Simu ya Mezani ya Mama Mkwe

Mama mkwe ana pumu na anaishi peke yake Kewanja. Simu ya mkononi imemshinda. Vidole vyake vimekufa ganzi. Kwa hiyo nilinunua adapta, kiboksi kidogo cha kuunganisha simu ya mezani na intaneti, nikasoma maelekezo yake mpaka nikayaelewa. Niliifunga sebuleni, kwani kwa desturi yetu chumbani kwa mama mkwe siruhusiwi kuingia. Nilizima umeme kuijaribu, betri yake ikaibeba. Mke wangu akazungumza na mama yake, sauti ikapita safi. Likabaki jaribio moja: kupiga kutoka mbali, mama akiwa peke yake.

Siku mke wangu alipokwenda msibani Mbalibali, alimwambia mama yake kwamba asubuhi hiyo ningepiga. Nikapiga kutoka dukani kwangu Nyamongo. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Nikafungua ukurasa wa adapta mtandaoni: ilikuwa hewani, haina kasoro. Kama kifaa ni kizima, basi mgonjwa ni nani?

Nikadaka bodaboda. Njiani nilipiga tena na tena, sikio moja limejaa upepo. Ikaita tu.

Tulipofika, simu ilikuwa bado inalia ndani. Nilisimama nje ya mlango; mama akiwa peke yake ndani, mguu ulitaka kuingia na adabu ikauzuia.

"Mama! Shikamoo! Mama!"

Akajibu nyuma ya pazia la mlango, "Marahaba. Izime hiyo, inanipigia kelele."

"Mbona hukupokea?"

"Niliambiwa ni wewe. Nikuwekee mdomo sikioni, mkwe?"

Dereva wa bodaboda akacheka mpaka akashika usukani. "Mzee, umemfungia mkwe simu halafu unampigia mwenyewe! Wewe Mkurya wa wapi, usiyejua mkwe hasemi sikioni mwa mama mkwe?"

Nilikata simu, nikampa namba, nikamwomba apige yeye. Mlio wa kwanza haukuisha, mama akapokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Mwambie huyo hapo nje kifaa chake ni kizuri."

Nilimwambia mama kupitia dereva kwamba kitufe cha kwanza cha simu yake kinampata binti yake, cha pili kinampata jirani. Vingine ningeviacha wazi.

Pazia likatikisika. "Na hao wakiwa msibani wote?"

"Cha tatu weka yako," akaendelea. "Sitasema neno. Ukisikia nimegonga meza kwa kidole, njoo."

Nikaiweka. Tangu siku hiyo simu yangu haizimwi.